Vijana wa Garsen waizuru Tana kwa baiskeli

Mwulize mwanafunzi yeyote wa Garsen akutajie mabwawa ya umeme yaliyojengwa katika Mto Tana, naye atayataja bila kukwama: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Ataongeza, kwa kuwa mwalimu wake wa Jiografia alilisisitiza jambo hilo, kwamba mto huo ndio mrefu kuliko yote nchini Kenya, urefu wake ukikaribia kilomita 1,000, na kwamba chimbuko lake li katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, kwenye nyanda za baridi zilizo juu ya misitu, ambako hakuoti ila majani na vichaka vilivyofunikwa na ukungu. Kisha mwulize kama amewahi kufika Kipini, mahali ambapo mto huohuo unaingia baharini. Wengi watatikisa vichwa. Mwulize vilevile, ikiwa ni Mpokomo, kama amewahi kulala katika boma la Waorma. Au, ikiwa ni Mworma, kama amewahi kuketi na kula katika kijiji cha Wapokomo. Hapo huenda asikujibu kabisa. Atakutazama kama mtu aliyeulizwa swali lisilo la adabu.

Hali hii ndiyo iliyonisukuma kushika kalamu. Napendekeza kwamba shule za sekondari zilizo Garsen na viunga vyake zianzishe vyama vya watembezi wa baiskeli, kama zilivyo na vyama vya Kiswahili, vya mazingira na vya skauti. Sizungumzii mashindano. Nazungumzia safari za mchana mmoja, na baadaye za siku mbili au tatu, ambapo vijana kumi na watano hivi pamoja na walimu wawili wataondoka alfajiri, watatembelea kijiji kisicho chao, watakaribishwa, watauliza maswali, na kurejea kabla ya jua kutua.

Baiskeli si kitu kigeni katika bonde hili. Kabla ya pikipiki kuenea, lile dude zito jeusi ambalo Wakenya wameliita Black Mamba ndilo lililobeba mahindi, madumu ya maji, samaki, maembe, wagonjwa na hata maharusi. Biashara ya bodaboda yenyewe ilianzia kwenye baiskeli huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Tangu serikali ilipoondoa kodi ya pikipiki ndogo mnamo 2008, kijana anayejiheshimu haoni fahari tena kukanyaga pedali, na baiskeli nyingi zimeachwa zikiegemea kuta, minyororo imeshika kutu. Kutu, bahati njema, huondolewa kwa mafuta kidogo na bidii ya asubuhi moja.

Yapo mambo ambayo pikipiki haiwezi kukufanyia, wala matatu, na ningependa kueleza kwa kisa kidogo cha ujana wangu. Mimi na mwenzangu mmoja tulikuwa tukienda Ngao kwa baiskeli, tukifuata njia za vijijini ili tuyakwepe mabasi ya barabara kuu. Mwiba wa mathenge ukapenya tairi langu la nyuma. Wanaoufahamu mti huo, ulioletwa nchini kwa nia njema ya kuzuia jangwa na sasa umegeuka kuwa adui wa kila mtu, wanajua kwamba mwiba wake hauna huruma kwa kwato wala kwa mpira. Tulikuwa na kiraka, msasa na gundi. Pampu hatukuwa nayo, kila mmoja akidhani mwenzake ameibeba. Kijana mchungaji aliyekuwa akipitisha ng'ombe akatutazama tukibishana, akacheka, kisha akatuongoza hadi boma la jamaa yake mwenye pampu. Tulikaa pale hadi jua likapungua makali. Tulikunywa chai ya maziwa matupu, tukaulizwa habari za shule, tukaelezwa ni kwa nini ng'ombe wa mwaka ule walikuwa wamedhoofu. Tulipoondoka, mwenzangu alinyamaza kwa muda mrefu. Alikuwa amezaliwa mwendo wa saa moja kutoka boma lile, na ile ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia ndani ya ua wake.

Angepanda matatu angepita hapo kwa dakika chache, kioo kimefungwa kwa sababu ya vumbi. Mwendesha baiskeli huenda polepole kiasi cha kulazimika kuamkia kila anayekutana naye, na ni dhaifu kiasi cha kumhitaji mwenyeji. Wahenga walituonya kwamba mtembezi hula miguu yake. Mtembezi wa baiskeli hula tyubu, nayo huzibwa.

Msomaji asidhani kwamba nazungumzia starehe tu. Mnamo Agosti 22, 2012, watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto, waliuawa katika kijiji cha Riketa, eneo la Tarasaa. Visasi vikajibiwa kwa visasi, na kabla ya mwaka huo kwisha idadi ya waliouawa katika delta ya Tana ilikuwa imepita 100. Hayo hayakuwa ya kwanza, kwani mapigano ya aina hiyo yalikuwa yametokea pia mwaka wa 2001. Chanzo tunakijua: wakulima wanahitaji kingo za mto, na wafugaji wanahitaji njia za kuwafikisha mifugo kwenye maji. Njia hizo huitwa malka. Malka ikilimwa, ng'ombe hupita juu ya mazao. Ng'ombe wakipita juu ya mazao, panga huinuliwa. Siasa za uchaguzi nazo humwaga mafuta juu ya moto huo. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 2012 sasa yumo shuleni katika madarasa ya juu. Anachokijua kuhusu kijiji cha jirani ni kile alichosimuliwa usiku na watu waliofiwa.

Darasani tunamfundisha umoja wa kitaifa. Tunaweza hata kumwambia, na ni kweli, kwamba sauti ya wimbo wa taifa uliopokewa mwaka wa 1963 ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto. Hupendezwa na habari hiyo. Lakini malka haifundishiki ubaoni. Inafaa mwanafunzi asimame penyewe, aone upana wa njia, aone shamba la migomba limeishia wapi, amsikilize mwenye shamba, kisha amsikilize mwenye ng'ombe, jua likimchoma yeye kama linavyowachoma wao.

Mtaala wa umilisi, unaotutaka tumtoe mwanafunzi kwenye kukariri na kumpeleka kwenye kutenda, umetupa walimu kisingizio kizuri. Na wazo la walimu kuzunguka nchi na wanafunzi wao lina historia yake. Mnamo Agosti 26, 1909, mwalimu mmoja Mjerumani, Richard Schirrmann wa mji wa Altena, alikuwa safarini kwa miguu na wanafunzi wake walipokumbwa na mvua kubwa ya radi. Wakajikinga katika jengo la shule ya kijijini, wakalala humo. Usiku ule, wanafunzi wakiwa wamelala, mwalimu akawaza: shule hukaa tupu wakati wote wa likizo, kwa nini zisiwe malazi ya vijana wanaozuru nchi yao? Kutokana na wazo hilo zikazaliwa hosteli za vijana ambazo leo zimeenea duniani. Nasi tunazo shule katika vijiji vya pande zote, na likizo huwa tupu vilevile. Kinachohitajika ni funguo, ruhusa ya mwalimu mkuu, na mikeka.

Njia ya kuanzia ninayoipendekeza ni ile ya kusini: Garsen, Minjila, kisha vijiji vya Tarasaa, Ngao, Oda na Golbanti. Ngao walifika wamishonari wa Kijerumani katika miaka ya 1880, na mji huo hadi leo unajulikana kwa shule na hospitali. Golbanti ina habari ya kusisimua zaidi. Wamishonari wa Kimethodisti walifika huko wakiwatafuta Waorma, ambao Wazungu wa enzi hizo waliwaita Wagalla, na mwaka wa 1886 John Houghton na mkewe Annie wakauawa hapo katika uvamizi wa Wamaasai. Kwa hiyo katika eneo dogo linaloweza kuzungukwa kwa baiskeli, mwanafunzi atakutana na Mpokomo, Mworma, Mmaasai, Mwingereza na Mjerumani, kila mmoja akitaka kitu kutoka mto uleule. Sijui kitabu cha Historia kinachoweza kumfunza hayo kwa uzito kama huo.

Majira ya safari yachaguliwe kwa makini. Likizo ya Aprili haifai, kwani masika huwa yameanza na mto hauna masihara. Waliokuwapo wakati wa mafuriko ya mwishoni mwa 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024, hawahitaji kukumbushwa. Novemba ina vuli. Inabaki Agosti. Mwezi huo njia huwa kavu na kusi huvuma kutoka kusini, hivyo msafara utoke alfajiri upepo ungali mpole, na alasiri, miguu ikiwa imechoka, upepo uwasukume mgongoni hadi nyumbani. Agosti vilevile ndio wakati ambapo ukame huwarudisha wafugaji deltani na ng'ombe wao. Najua vyema kwamba mauaji ya 2012 yalianza katika mwezi huohuo. Sioni hiyo kuwa sababu ya kuwafungia vijana ndani wakati wa Agosti. Huo ndio mwezi ambao majirani hukutana, wapende wasipende, na ni afadhali wakutane wakiwa wageni walioalikwa.

Maandalizi yasiwe ya kubahatisha. Kila baiskeli ikaguliwe siku mbili kabla: breki, mnyororo, spoku, usukani. Kila mwendeshaji abebe maji yake ya kutosha, wala asitegemee mto, kwani mamba hatofautishi mwanachama na asiye mwanachama. Viboko nao hutoka majini jioni kwenda malishoni, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kurejea mapema. Pampu ziwe mbili, na zikabidhiwe watu wawili waliotajwa kwa majina yao mbele ya wote. Jambo hilo nalisema kwa uchungu wa aliyeonja.

Wazazi watauliza kuhusu usalama, na wana haki. Mwaka wa 2014 Mpeketoni ilishambuliwa mwezi wa Juni, na mwezi wa Julai kituo cha polisi cha Gamba kikavamiwa. Hivyo sipendekezi kabisa kwamba watoto wavuke daraja la Idsowe na kuelekea Witu kwa baiskeli. Kipini niliyoitaja mwanzoni itabidi isubiri, au wapelekwe kwa gari pamoja na watu wazima kwa ruhusa ya wahusika. Inaniuma kuyaandika haya, maana ni jambo la ajabu mtoto wa mto kutoona mwisho wa mto wake. Lakini mwalimu aliyekabidhiwa watoto wa watu hana leseni ya ushujaa. Hata katika njia ya kusini, safari isifanyike kabla chifu, wazee wa Gasa wa Wapokomo na wazee wa Matadeda wa Waorma hawajaarifiwa na kuridhia.

Lipo pia swali la wasichana. Nimesikia ikisemwa kwamba baiskeli humvunjia binti heshima. Anayesema hivyo humwona binti huyohuyo akibeba dumu la maji kichwani kila jioni, na haoni lililovunjika. Walimu wa kike waongoze, mavazi yafuate desturi ya kila familia, na baiskeli zisizo na mtaimbo wa juu zitafutwe.

Kuhusu fedha sitasema mengi, kwa kuwa chama kinaweza kuanza na baiskeli zilizopo majumbani. Huko Mai-a-Ihii karibu na Kikuyu, David Kinjah aliwakusanya watoto wa kijiji akawafunza kuendesha na kutengeneza baiskeli. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyekuja kushinda mbio za Tour de France mara nne. Na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya mbio za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika. Huenda miguu ya namna hiyo imo Garsen. Ikiwamo, itajidhihirisha yenyewe, mimi sikuijia.

Nilipomsimulia mpango huu kijana mmoja wa sekondari, alisikiliza hadi mwisho bila kuonyesha furaha wala karaha. Kisha akaniuliza kama mwanafunzi Mworma wa darasa lake, ambaye kwao hakuna baiskeli, ataachwa nyumbani. Nikamwambia kwamba chama kitamtafutia. Akafikiri kidogo, akasema hakuna haja ya kungoja, kwani baiskeli ya baba yake ina keria imara, nao wanaweza kupokezana usukani.