UBAGUZI TUNAOUBEBA BILA KUJUA

Ukimwuliza mtu yeyote hapa kambini, "Je, wewe ni mbaguzi?" atakujibu haraka, "Hapana." Mimi pia nilikuwa najibu hivyo, mpaka siku nilipolisoma vizuri daftari langu la kutembelea kaya.

Katika kazi yetu ya kujitolea, kila kaya tunaiandikia habari zake. Kwa kaya za watu wa kwetu Kongo nilikuwa nimeandika mengi: mtoto amepona, mama anahudhuria kliniki, ndoo ya maji haina mfuniko. Kwa kaya za Warundi, mara nyingi niliandika neno moja tu: "Hawapo." Ukweli ni kwamba nilibisha hodi mara moja nikapita. Kwa watu wa kwetu nilikuwa naingia na kukaa. Hakuna aliyenituma kufanya hivyo, wala sikujiona nina chuki.

Nikarudi katika kaya moja niliyoiandika "hawapo". Nilimkuta mama na mtoto wake anayeharisha kwa siku ya pili, macho yameingia ndani. Tulianza kumnywesha ORS, tukampeleka kituo cha afya, akapona. Nilimwuliza mama kwa nini hakuniita. Akajibu, "Nilidhani wewe ni wa wale wengine."

Ubaguzi huu unatoka wapi?

Hatuzaliwi nao. Tunausikia tukiwa watoto, jikoni, bombani na kwenye foleni ya mgao. Wengine tumeupata kwa yale tuliyoyaona vitani. Akikosea mmoja, tunawahesabu wote, tukisema, "Samaki mmoja akioza, wote wameoza." Akitutendea mema mmoja wao, tunasema, "Huyo si kama wenzake," na dhana yetu inabaki palepale.

Mfano wa kipindupindu

Mwezi Mei 2015, maelfu ya Warundi waliokimbia nchi yao walikusanyika Kagunga, kijiji kidogo kando ya Ziwa Tanganyika, wakisubiri meli ya Liemba iwapeleke Kigoma. Vyoo na maji safi havikutosha. Kipindupindu kikazuka na kuua watu. Wengi walipelekwa baadaye Nyarugusu, kambi iliyokuwa imewapokea Wakongo tangu mwaka 1996.

Ni rahisi mtu kusema, "Huo ni ugonjwa wa Warundi." Lakini kipindupindu huletwa na vijidudu vinavyoingia mwilini kwa maji au chakula chenye uchafu wa kinyesi. Havichagui kabila. Wangekaa pale Wakongo, vingewapata Wakongo. Tena anayeamini kwamba ni ugonjwa wa wengine, ndiye anayeacha kunawa mikono.

Tufanye nini?

1. Chunguza matendo yako, usiulize moyo tu. Wiki hii umemsalimu nani? Umemwazima nani ndoo? Umekaa kwa nani? Nyani haoni kundule, lakini matendo yanaweza kuhesabiwa.

2. Kabla ya kulaumu, jiulize: "Angekuwa mtu wa kwetu, ningesema hivi?"

3. Uliza badala ya kudhani. Jirani mwenye kifafa, mlemavu, mtu wa dini nyingine, kila mmoja anaweza kukueleza habari zake mwenyewe. Kifafa, kwa mfano, hakiambukizi. Anayeanguka asiachwe peke yake kwa sababu ya hofu.

4. Jifunze hata salamu. Siku hizi nikifika kwa Warundi naanza na "Amahoro", na milango inafunguka.

5. Fanyeni kazi pamoja, kama kusafisha eneo la bomba. Mtu uliyeshika naye jembe huwezi tena kumwita "wale".

Je, kukubali tofauti ni kusahau yaliyotupata? Hapana. Aliyekutendea ubaya ajibu yeye mwenyewe, mbele ya viongozi. Lakini mtoto wa jirani hakukutendea lolote.

Ndugu wasomaji, mtoto anayeharisha hawezi kungoja mpaka tupendane. Ukimwona, awe wa kwetu au wa kwao, mpe ORS na mwite mhudumu wa afya mara moja. Na ukiona mhudumu anaipita nyumba yako, kama nilivyofanya mimi, mwite kwa sauti. Atarudi.