Taruma: kutoka ubavuni mwa jahazi hadi reli ya Tabora

Mkazi wa Tabora akilisikia neno taruma (wingi: mataruma, ngeli ya li-/ya-) huwaza reli mara moja: vile vipande vya mti, chuma au zege vinavyolazwa juu ya kokoto ili vibebe reli mbili. Mkazi wa pwani aliyekulia karibu na mafundi wa majahazi huwaza kitu kingine: miti iliyopinda inayopangwa ndani ya chombo, kuanzia kwenye mkuku na kupanda pande zote mbili, ambayo mbao za nje hupigiliwa juu yake. Maana zote mbili ni za neno moja, na mfasiri anayeshughulikia maandishi ya ukarabati wa vyombo vya majini atafanya vyema kulishika neno hilo kabla hajakimbilia mbavu.

Kiini cha maana ni kile kile. Taruma ni kitu kinachowekwa ili kukipa kingine nguvu na kukizuia kisipoteze umbo. Katika Reli ya Kati ya zamani, taruma huzishika reli mbili zisiachane wala kukaribiana, upana wake ukibaki mita 1, na huusambaza uzito wa treni juu ya kokoto. Katika jahazi, taruma huzishika mbao za ubavu zisibonyee wala kutanuka, na pigo la wimbi lililotua juu ya ubao mmoja hugawanywa kwa mbao nyingi. Kwa kuwa majahazi yaliitangulia reli kwa karne nyingi, tunaweza kudhani bila wasiwasi kwamba ni reli iliyoazima neno la baharini.

Njia ya neno hilo kwenda bara si ngumu kuikisia. Kabla ya reli, misafara ilitoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, mizigo ikiwa mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Hata mashua zilibebwa hivyo, vipande vipande. Burton na Speke, waliofika Tabora mwaka 1857, walikuwa wameiacha nyuma mashua yao ya chuma kwa uhaba wa wapagazi. Stanley alifanikiwa zaidi: Lady Alice, mashua ya mbao yenye urefu wa futi 40, ilitengenezwa ili igawanyike, ikapita Unyamwezi mwaka 1876 ikielekea Ziwa Tanganyika. Kisha ikaja reli, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Juu yake ilisafirishwa meli nzima iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa na kupakiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Mataruma ya meli yalipita Tabora juu ya mataruma ya reli. Meli hiyo, Graf von Götzen, iliteremshwa majini mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Chombo kilicholala chini ya maji kwa miaka kadhaa kisha kikarudi kazini ni ushahidi mzuri wa kiunzi kilichoundwa vyema.

Sasa turudi kwenye mbavu. Katika mwili wa mtu, ubavu ni mfupa na pia ni upande. Katika chombo, maana ya upande ndiyo inayotawala. Meli hulala ubavu, mawimbi hupiga ubavuni, rangi hupakwa ubavuni. Mfasiri akiandika "imarisha mbavu za chombo" akikusudia kiunzi cha ndani, fundi anaweza kwa haki kabisa kuongeza mbao au tabaka upande wa nje. Chombo kitakuwa kizito zaidi, nacho kiunzi kilichovunjika kitabaki kimevunjika. Andika "imarisha mataruma" na shaka inaondoka.

Tofauti hiyo ina uzito wa pekee katika katamarani kuukuu za matanga. Katamarani (jina lenye asili ya Kitamili, lenye maana ya magogo yaliyofungwa pamoja) ni chombo chenye bodi mbili zilizounganishwa kwa boriti zinazovuka kati yake. Kila bodi hupanda wimbi lake kwa wakati wake, na boriti husokotwa huku na huku safari nzima. Kwa hiyo udhaifu huanzia mara nyingi pale boriti inapoingia ndani ya bodi, na pale kuta za ndani zinapoungana na ganda la nje. Ngalawa yetu inalijua tatizo hilo kwa kiasi chake. Matengo yake hufungwa kwa kamba, nayo kamba hukubali kucheza kidogo. Ikilegea, mvuvi huifunga upya akiwa pwani. Kiungo cha plastiki na nyuzi za kioo hakifungwi upya kwa namna hiyo.

Hapa ndipo uchaguzi wa vitenzi unapohitaji makini kuliko nomino. Kupasuka ni neno pana mno kuachwa lifanye kazi yote. Kuatuka ni kuanza kupata ufa mwembamba, kabla vipande havijatengana. Kufumuka ni kwa kitu kilichoshonwa: mtepe, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi bila misumari, ulifumuka, kiungo cha chombo cha kisasa kinachoachana katika mstari wake kinaweza kusemwa vivyo hivyo, na picha inabaki sahihi. Kubanduka ni kwa kilichogandishwa. Maji yakipenya kati ya matabaka ya bodi na kuozesha kiini chake, tabaka la nje hubanduka ingawa kwa macho bado linaonekana zima. Fundi huligonga na kusikiliza, na mlio mzito usio na mwangwi humwambia pa kufungua. Kunyumbuka ni kupinda na kurudi, nako si kasoro mpaka kuzidi kipimo. Watu husema pia chombo kimechoka. Ni Kiswahili kizuri cha bandarini, lakini katika ripoti ya ukaguzi hakimwelezi msomaji ni nini kilichoharibika.

Kwa upande wa matengenezo, kosa linalojirudia ni kulitumia kalafati kwa kila kitu. Kukalafati ni kujaza pamba na mafuta katika nafasi kati ya mbao ili maji yasipenye. Kazi hiyo huzuia kuvuja, haiongezi nguvu. Chombo ambacho taruma lake limekatika kitakalafatiwa leo na kuvuja tena kesho, kwa sababu mbao zinaendelea kusogea. Kutia kiraka nako ni kuziba palipotoboka. Kinachotafutwa katika katamarani iliyoatuka kwenye boriti ni kutia taruma: kuondoa kilichooza, kukausha, kisha kugandisha matabaka mapya yanayoenea mbali na ufa, ili mzigo usirudi mahali pale pale pamoja.

Kuna kitenzi kingine ambacho wafasiri wamekisahau, pengine kwa sababu kimehamia kwenye tiba: kuganga. Mganga tunamjua sote, lakini kuganga ni pia kuunga na kufunga kilichovunjika, uwe mfupa au mti. Mlingoti uliopasuka ukafungwa vipande vya mti pande zake umegangwa. Kwa boriti ya katamarani iliyoatuka, ikaongezwa kipande kila upande na kubanwa, sioni neno linalofaa zaidi.