Kabla ya Kulipia Maandalizi ya Mtihani wa GRE

Miongoni mwa huduma ambazo wahitimu wa vyuo vikuu nchini hununua bila taarifa za kutosha ni kozi za maandalizi ya mtihani wa GRE, unaotumiwa na baadhi ya vyuo, hususan vya Marekani, kuwachuja waombaji wa masomo ya uzamili na uzamivu. Mtihani huu huandaliwa na ETS, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1947. Ada yake katika nchi nyingi imekuwa dola 220 za Marekani, na huweza kubadilika. Kwa familia nyingi hiyo ni akiba ya miezi kadhaa, hata kabla kozi yenyewe haijalipiwa. Makala haya yanaeleza mambo ambayo mlaji anapaswa kuyapima kabla ya kutoa fedha.

Je, unauhitaji mtihani huu?

Katika miaka ya karibuni idara nyingi za vyuo vya Marekani zimeacha kudai GRE, au zimeifanya kuwa ya hiari. Idara mbili za chuo kimoja huweza kuwa na masharti tofauti. Kwa hiyo, tunamshauri mwombaji asome masharti ya idara anayoiomba, kwa mwaka anaouomba, badala ya kutegemea maneno ya muuzaji wa kozi. Aidha, GRE si mtihani wa kupima Kiingereza na haichukui nafasi ya TOEFL wala IELTS pale ambapo mitihani hiyo inadaiwa.

Ijue bidhaa unayouziwa

Tangu Septemba 2023, GRE huchukua saa 1 na dakika 58. Ina insha moja ya dakika 30, maswali 27 ya ufahamu wa lugha na hoja, na maswali 27 ya hisabati. Kila moja kati ya sehemu hizi mbili za maswali hupewa alama kuanzia 130 hadi 170, na insha hupewa 0 hadi 6. Maswali ya kila sehemu hugawanywa katika mafungu mawili: ugumu wa fungu la pili hutegemea ulivyofanya katika la kwanza. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, hivyo si busara kuacha swali wazi.

Kabla ya mabadiliko hayo mtihani ulichukua takriban saa 4 na ulikuwa na insha mbili. Vitabu vya zamani bado vinauzwa, na bado vinafaa kwa mazoezi ya msamiati na hisabati, lakini mgawanyo wa muda ulioelezwa humo umepitwa na wakati. Mwalimu anayekutoza fedha kukufundisha insha ya kuchambua hoja ya mtu mwingine anakuuzia kitu ambacho hakimo tena katika mtihani.

Anza na vya bure

ETS hutoa mitihani miwili kamili ya majaribio bila malipo, iitwayo POWERPREP Online, kwa kila anayefungua akaunti katika tovuti yake. Masomo ya hisabati ya kiwango kinachohitajika yanapatikana bure Khan Academy. Tunashauri ufanye jaribio la kwanza kwa kuzingatia muda, kabla ya kulipia kozi yoyote. Matokeo yake yatakuonesha pengo lilipo. Mhitimu wa uhandisi ambaye udhaifu wake ni msamiati hana sababu ya kulipia miezi mitatu ya hisabati. Jaribio la pili lihifadhi hadi wiki za mwisho, likupe picha ya ulikofikia.

Ahadi za kutiliwa shaka

Hakuna mwalimu awezaye kukuhakikishia alama. Tangazo linaposema alama zimehakikishwa, omba masharti kwa maandishi. Mara nyingi utakuta dhamana hiyo ni ruhusa ya kurudia kozi tu, wala si kurudishiwa fedha.

Ahadi ya hatari zaidi ni ile ya maswali yaliyovuja. Mwaka 2002, baada ya maswali yaliyokaririwa kusambazwa katika tovuti, ETS ilisitisha mtihani wa kompyuta nchini China, Korea Kusini na Taiwan, na kurejesha ule wa karatasi. Walioathirika walikuwa pamoja na watahiniwa wasio na hatia. ETS ina mamlaka ya kufuta matokeo yanayotiliwa shaka, na matokeo yakifutwa anayepoteza ada na nafasi ya chuo ni mtahiniwa, wala si aliyemuuzia.

Usajili uwe mikononi mwako

Baadhi ya watu hujisajili kupitia wakala kwa kukosa kadi ya malipo ya kimataifa. Si kosa, lakini akaunti iwe na barua pepe yako na nywila unayoijua wewe. Jina lililosajiliwa lazima lilingane na la pasipoti utakayoionesha. Hapa kwetu, ambapo mtu huweza kuwa na majina matatu katika cheti na mawili katika pasipoti, kosa hili linaweza kukufanya ukataliwe mlangoni.

Kumbuka pia kwamba ada ya mtihani inajumuisha kutuma matokeo kwa vyuo vinne utakavyovichagua siku ya mtihani. Wakala akidai malipo ya ziada kwa hivyo vinne, mwulize anatoza nini. Matokeo hudumu miaka 5. Mtihani unaweza kurudiwa baada ya siku 21, usizidi mara 5 ndani ya miezi 12. Kwa hiyo panga tarehe ya kwanza mapema, ili pawepo nafasi ya kurudia kabla ya siku ya mwisho ya maombi. Mtihani unaweza kufanyiwa nyumbani, ila pale ambapo umeme au intaneti si ya uhakika, kituo rasmi ni salama zaidi.

Ukiwa na malalamiko

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Dai risiti, hifadhi tangazo lililokuvutia pamoja na jumbe zote mlizoandikiana. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au kudanganya, na mtoa kozi hana msamaha kwa sababu anauza elimu. Mwandikie kwanza mtoa huduma ukieleza dai lako na muda unaompa. Asipokujibu, tuletee malalamiko pamoja na vielelezo hivyo. Vielelezo hivyo ndivyo vinavyotuwezesha kulishughulikia dai lako.