Miduara Myekundu ya Mfangano

Ukitoka Mbita kwa boti, Kisiwa cha Mfangano huonekana kama mlima uliosimama katikati ya Ziwa Victoria. Vijiji vimejipanga ufuoni, mashamba yakipanda mteremko kuelekea kilele cha Kwitutu. Kwenye mteremko huohuo wa Kaunti ya Homa Bay kuna pango la Mawanga, na juu zaidi kuna mwamba wa Kwitone uliojitokeza na kufanya kivuli kama paa. Kuta za sehemu hizi mbili zina michoro ambayo watafiti wanakadiria ina umri wa kati ya miaka 1,000 na 4,000.

Mgeni aliyewahi kuona michoro ya Kondoa, Tanzania, hutarajia twiga, pofu au watu warefu wenye nywele za ajabu. Mfangano hakuna hata mnyama mmoja wa namna hiyo. Kuna miduara ndani ya miduara, mistari inayojipinda hadi katikati, na maumbo yenye miale inayotoka pande zote. Rangi ni nyekundu inayokaribia kahawia, pamoja na nyeupe. Michoro ya jamaa hii hupatikana pia Nyero, mashariki mwa Uganda, na huendelea kusini hadi Zambia. Kwa kawaida ilichorwa kwa kidole, na unene wa mstari ndio unaolisema hilo: ni upana wa ncha ya kidole cha mtu, unaanza mzito pale rangi ilipokuwa nyingi, kisha unakonda.

Rangi nyekundu ni ngeu, yaani udongo au jiwe lenye madini ya chuma. Jiwe lilisagwa hadi likawa unga laini, likachanganywa na maji, mafuta ya mnyama au utomvu wa mti. Chembe za chuma ni ndogo mno, hupenya kwenye vitundu vya mwamba na kukaa humo. Rangi nyeupe, ambayo mara nyingi ni udongo mweupe, hubaki juu juu na kubanduka mapema. Kwa sababu hiyo, penye miduara ya rangi mbili leo, inawezekana kabisa kwamba mwanzoni nyeupe ilikuwa nyingi kuliko tunavyoiona. Watafiti hutumia programu iitwayo DStretch, iliyotengenezwa na Mmarekani Jon Harman, ambayo hukuza tofauti ndogo za rangi katika picha. Ukuta unaoonekana mtupu kwa macho unaweza kutoa mstari uliofifia karne nyingi zilizopita.

Kujua umri ni kazi ngumu zaidi. Kipimo cha kaboni kinahitaji kitu kilichowahi kuwa hai, kama mkaa au mfupa, na ngeu haikuwahi kuwa hai. Katika mapango ya Sulawesi, Indonesia, wanasayansi walipima madini ya urani kwenye tabaka la chokaa lililoota juu ya mchoro, na mwaka 2024 wakatangaza umri wa angalau miaka 51,200. Si kila pango lina tabaka la namna hiyo. Ukanda wetu hutegemea zaidi ushahidi wa pembeni: nani aliishi hapa, lini, na aliacha nini ardhini.

Abasuba, wenyeji wa Mfangano, hawadai kwamba michoro ni kazi ya babu zao. Masimulizi yao yanasema walihamia kutoka upande wa Uganda, na kwamba kabla yao kulikuwa na wawindaji wafupi, Watwa. Zamani masimulizi ya aina hii yalipuuzwa na wasomi. Lakini mwaka 2020 ulichapishwa uchambuzi wa DNA ya watu waliozikwa Kakapel, kwenye mwamba mwingine wenye michoro katika Kaunti ya Busia. Mmoja wao, aliyeishi yapata miaka 3,900 iliyopita, alikuwa na unasaba wa karibu na Wambuti, wawindaji wafupi wa misitu ya Kongo. Vipande vya vyungu vya Kansyore, vilivyotumiwa na wavuvi na wawindaji wa kale wa kandokando ya ziwa, vimefukuliwa pia Gogo Falls, Kaunti ya Migori. Hakuna lolote kati ya haya linalotuonyesha mkono wa mchoraji. Hata hivyo, wazee waliosema kwamba watu wengine waliishi hapa kabla yao wanastahili kusikilizwa kwa makini zaidi kuliko walivyosikilizwa.

Abasuba waliirithi michoro wakaipa kazi. Mapango yalikuwa mahali pa kuombea mvua, na miiko ilizuia watu kuingia ovyo. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sababu kubwa ya miduara kuwepo hadi leo. Hapakuwa na uzio wala askari. Palikuwa na hofu na heshima, na mtoto alifundishwa mapema mahali asipopaswa kukanyaga.

Leo miiko imelegea. Mwaka 2000 wenyeji walianzisha Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba, na shirika la TARA, lililoundwa Nairobi mwaka 1996 na David Coulson kwa ajili ya sanaa ya miambani Afrika, limeshirikiana nao kuwaandaa wenyeji kupokea wageni. Hili ni jambo jema, ila kila mgeni huja na hatari zake. Wapo wanaomwagia ukuta maji ili picha itoke vizuri. Maji hayo huacha chumvi inayofunika rangi. Wapo wanaopapasa na kuacha mafuta ya mikono. Wapo wanaoandika majina yao kwa mkaa, balaa ambalo Kakapel imelijua vizuri. Kondoa, iliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, imesumbuliwa na wachimbaji wanaoamini Wajerumani walificha hazina chini ya miamba.

Wafaransa walijifunza kwa gharama kubwa. Pango la Lascaux lilifunguliwa kwa umma mwaka 1948, na pumzi za wageni zikaotesha mwani ukutani hadi likafungwa mwaka 1963. Wageni sasa huonyeshwa nakala. Mawanga iko wazi kwa hewa, kwa hiyo pumzi si tatizo lake. Tatizo lake ni mkono, na mkono unazuilika.

Kwa upande wa utalii, Kaunti ya Migori ina Thimlich Ohinga, ngome za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2018. Kuiunganisha na Mfangano katika safari moja ni wazo zuri, na kaunti zote mbili zingefaidika. Lakini kabla ya barabara mpya na vibao vya rangi, fedha za kwanza ziende kwa mwongozaji anayekaa mlangoni pa pango, awe mtoto wa kisiwa, alipwe kila mwezi hata msimu usio na wageni, na awe na mamlaka ya kumrudisha ufuoni yeyote anayenyanyua chupa ya maji kuelekea ukutani.