Bakteria Akaaye Ndani ya Muwa

Miwa ya Brazil, ambayo katika mashamba mengi hulimwa miaka nenda miaka rudi kwa mbolea kidogo na bado ikatoa mavuno mema, iliwatia wataalamu katika fikra juu ya asili ya naitrojini yake, hata mwaka 1988 Johanna Döbereiner wa Seropédica, nchini humo, na mwenzake Cavalcante wakatangaza kwamba ndani ya mizizi na mashina wamemkuta bakteria mwenye kuinasa naitrojini ya hewani.

Kudai kwamba yumo ndani ni jambo zito, maana ganda la muwa limejaa vijidudu vya udongo na vumbi. Kwa hiyo kipande hutoharishwa kwa alkoholi na dawa ya klorini, kikasuuzwa kwa maji safi, kisha maji ya suuzo la mwisho nayo hupimwa, na yakiotesha chochote, kazi yote imebatilika. Kikisalimika, husagwa, na rojo lake hutiwa katika vichupa vyenye chakula kilichoganda nusu, chenye uchachu na sukari nyingi, lakini kisicho na naitrojini. Hapa ndipo niistaajabiapo hekima ya Döbereiner: kwa kuwa bakteria huyu huhitaji hewa, na hewa hiyo hiyo ikizidi hukiharibu kimeng'enya kinasacho naitrojini, chakula kile humwachia ajitafutie mwenyewe kina kimfaacho, akafanya hapo utando wa manjano uonekanao kwa macho matupu.

Ama kuthibitisha kwamba ni spishi mpya, hiyo ni kazi nyingine, wala haitoshi kutazama umbo. Jina la kwanza, *Saccharobacter nitrocaptans*, halikudumu; mwaka 1989, baada ya DNA yake kulinganishwa na ya jamaa zake, ilidhihirika kuwa ni wa ukoo wa bakteria wa siki, akaitwa *Acetobacter diazotrophicus*, na leo ni *Gluconacetobacter diazotrophicus*. Siku hizi jenomu nzima husomwa, na mfanano na spishi ijulikanayo ukipungua asilimia 95 hivi, dai la upya huwa na nguvu.

Tena sheria ya sasa yataka bakteria hai wa spishi mpya awekwe amana katika hazina mbili za nchi mbalimbali, nami naiona sheria ya haki, kwani huyu wetu, ambaye kielelezo chake huitwa PAl 5, aliyetoka katika mizizi ya muwa wa Alagoas, angali akihifadhiwa hivyo, na mwenye shaka aweza kumwagiza akampima upya.