Mwanasheria Mkuu wa Jimbo na Daawa ya Tumbaku

Msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea kumwona Mwanasheria Mkuu akiteuliwa na Rais ili aishauri na kuitetea serikali, huenda akastaajabu asikiapo kwamba katika Marekani mwenye cheo hicho katika jimbo huweza kuzishitaki kampuni kubwa, na hata serikali kuu ya Washington, bila ya kungoja ruhusa ya gavana wake. Sababu ni kwamba katika majimbo 43 kati ya 50 ofisa huyu huchaguliwa kwa kura za raia, sawasawa na gavana mwenyewe. Na aliyepewa amana na umma hutarajiwa kuujibu umma.

Wajibu wake ni mwingi: hulitetea jimbo linaposhitakiwa, huwapa maofisa maoni ya kisheria, na huwakinga wanunuzi na hila za wafanyabiashara. Lakini mamlaka yake yaliyo adhimu kuliko yote hutokana na kanuni ya kale ya sheria ya Kiingereza, kwamba dola ina haki ya kusimama mahakamani kwa ajili ya raia wake, kama msimamizi mwaminifu asimamavyo kwa ajili ya mali ya yatima.

Nguvu ya kanuni hiyo ilidhihirika tarehe 23 Mei 1994, Mike Moore, mwanasheria mkuu wa Mississippi, alipozifungulia daawa kampuni za sigara katika mji wa Pascagoula. Kabla yake wavutaji wengi, na wajane wao, walikwisha kudai fidia wakashindwa, kwa kuwa kampuni zilijibu kila mara kwamba mvutaji alivuta kwa hiari yake. Moore akapita njia nyingine: hakumdaia mvutaji, bali aliidaia hazina ya jimbo, iliyokuwa ikigharimia matibabu ya mafukara waliopatwa na maradhi ya tumbaku, na jimbo, madhali halikupata kuvuta hata sigara moja, halikuweza kulaumiwa kwa hiari ya mtu. Tena aliipeleka daawa hiyo katika mahakama ya insafu, ambamo hakimu huamua peke yake pasipo baraza la raia.

Upinzani ulizuka nyumbani mwake, kwani mwaka 1996 gavana Kirk Fordice aliiomba Mahakama ya Juu ya jimbo izuie daawa hiyo, nayo mwaka 1997 ikalikataa ombi lake; na miezi michache baadaye kampuni zilikubali kuilipa Mississippi zaidi ya dola bilioni 3. Lau Moore angalikuwa mtumishi wa gavana, daawa ile ingalikufa kabla ya kusikilizwa.

Daawa kama hiyo ilifunguliwa pia katika jimbo la Minnesota, ambako mwanasheria mkuu Hubert Humphrey III aling'ang'ania nyaraka za siri hata mamilioni ya kurasa yakatolewa hadharani, yakaonyesha kuwa kampuni zilijua tangu zamani uraibu wa nikotini, ilhali mwaka 1994 wakuu wake walikula kiapo mbele ya Bunge la Marekani wakaukana. Basi Novemba 1998 majimbo 46 yalifanya suluhu na kampuni kubwa, zikaahidi dola zipatazo bilioni 206 katika miaka 25, na zikakatazwa kutumia katuni katika matangazo na kubandika mabango ya sigara barabarani.

Hata hivyo mamlaka ya mwanasheria mkuu hukomea kwenye hukumu na suluhu, kwa maana kugawa fedha ni kazi ya baraza la kutunga sheria. Na mabaraza mengi yalizitumia fedha zile kuziba mapengo ya bajeti, yakatenga sehemu ndogo tu kwa kuwaepusha vijana na tumbaku. Kwa hiyo raia aliyempigia kura wakili wake ana faradhi ya pili, nayo ni kuwauliza wabunge wake, kila bajeti inaposomwa, ilikokwenda fidia iliyopatikana kwa jina la wagonjwa.