Kayaba, Ua Wenye Dume na Jike

Mpita njia anayetoka katikati ya jiji la Nairobi akashika njia ya Kileleshwa hata kufika Lavington, aghalabu huuona ua wa kayaba kuwa ni kizuizi tu cha miiba, wala hajui kwamba amepita mbele ya aila nzima, waume kwa wake, walionyimwa uzazi kwa makali ya panga.

Asili ya kayaba ni kusini mwa Afrika; Waingereza waliita tunda lake kwa jina la mto Kei, na ndimi zetu zikalifinyanga jina hilo likawa hivi lilivyo. Ajabu yake ni kwamba mti mmoja hutoa maua ya kiume tu, na mwingine ya kike tu, madogo, yasiyo na petali, yaliyojificha kwapani mwa majani. Na maadamu miche huoteshwa kwa mbegu, mpandaji hawezi kubainisha dume na jike mpaka mti uchanue, siku ambayo, katika ua unaonyolewa kila mara, huenda isifike kamwe.

Karibu na kwangu, Loresho, palikuwa na ua ambao mtunzaji wake alistaafu pasipatikane wa kushika zamu. Ukarefuka, ukachanua, na baada ya miaka michache kuzumburu walikuwa wakining'inia matawini wakidonoa matunda ya manjano. Nililipasua moja: mbegu zimevaa manyoya laini, na ukali wake ulinikunja uso kabla sijameza.

Ua ule uling'olewa kwa tingatinga, pakasimamishwa ukuta wa mawe na nyaya za umeme juu yake, mambo ambayo mimi nayahesabu kuwa ni israfu, ilhali ua hai haudai saruji wala fundi. Huko Marekani berberi, mmea wa miiba unaopandwa kwa kazi kama hii, uling'olewa kwa kampeni ya serikali iliyoanza mwaka 1918, na ulistahiki, kwa kuwa hutunza kutu ya ngano. Kayaba yetu haina hatia hiyo, walakini hukumu ni ile ile.

Matumizi mengine ya kayaba ni jamu, achari, boma la mifugo, kinga ya upepo, na chakula cha nyuki. Na wavulana wanaotoka shule hutupiana matunda yaliyoanguka.